Mbwa mwoga, manyoya yamegandana: mkasi weka kabatini kwanza

Jana kaniandikia dada mmoja wa Fuoni, mbwa wake kagandana manyoya madonge madonge, akimshika tu anatetemeka, anauliza mkasi aanzie wapi. Usianzie popote dada yangu. Haya mie yamenifika.

Bobi niliachiwa Jambiani na mtu niliekuwa namlindia nyumba, kasafiri ndo basi tena. Manyoya marefu, kutwa yuko pwani, chumvi na mchanga, masika yakaingia na mie sina habari, nakuja kushtuka nyuma ya masikio na kwapani pashakuwa kama kumbi la nazi. Nikampeleka kwa jamaa anaejiita fundi, wakamkamata watu watatu, mkasi ukapita na ngozi. Hata samahani hakuna, na pesa kachukua! Tokea siku ile Bobi akisikia kijiko kimegonga sufuria tu anaingia chini ya tangi la maji.

Ikanichukua wiki sita kumtoa woga na kumaliza madonge. Mwanzo mashine ya kunyolea imezimwa, namgusisha begani, nampa dagaa mmoja, basi mpaka kesho. Akilamba midomo au akipiga miayo na usingizi hana, huyo kaogopa, acha hapo hapo. Na msimuoshe kwanza jamani, donge likirowa likikauka linazidi kukaza. Mie natia konflawa kidogo, nashika shina la donge karibu na ngozi isivutike, nachambua kwa vidole kuanzia nchani, kitana baadae. Lisilochambulika nalinyoa kwa mashine nimeilaza, ikipata moto nazima. Kwapani chini ya donge moja nilikuta kupe wanne na ngozi nyekundu inatoa maji, hapo ni kwa daktari wa mifugo, usijifanye mjuzi.

Majirani wamenicheka sana, mtu mzima anachana mbwa. Bimkubwa nae kila nikimaliza kaniwekea ndoo mlangoni na udongo kwenye kopo, nioshe mara saba, moja kwa udongo, ndo nipite. Sawa, naosha. Lakini nyie mnaotaka mbwa wa kupigia picha, dakika kumi za kumchana hamna, mnamfuga wa nini? Hakuja kwako kwa miguu yake huyo. Dakika kumi tu, kila siku!

Juzi nlimaliza kwapa la kushoto, la mwisho. Bobi kalala ubavu, mashine inalia, macho kafumba. Bimkubwa akachungulia dirishani, hakusema kitu, akarusha dagaa.