Muulize Mjomba: Roho, mwili na hii habari ya "kuishi sasa"

Mwezi huu barua zimekuja zote upande mmoja, sijui kuna klipu gani imezunguka kwenye magrupu maana ni kama mmeambizana. Nimechagua nne. Niseme mapema tu, mimi sio shekhe wala mchungaji, ni mjomba wenu mwenye muda wa kusoma.

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni fundi cherehani hapa Magomeni, mkristo, nina watoto wawili. Kuna mwalimu namfuatilia mtandaoni anasema wewe sio mwili wako, mwili ni nguo tu ya roho, achana nao uishi kwenye sasa. Nimejaribu kukaa kimya alfajiri watoto hawajaamka lakini haipiti muda nishaanza kuwaza kodi, ada, mteja wa harusi ambaye gauni lake sijaligusa, alafu mgongo unauma kweli kweli. Hivi roho yangu ndo iko chini au nakosea wapi? Na hiki kitu hakipingani na imani yangu?

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Tuanze na hiyo nguo. Huo mfano sio wa huyo mwalimu wako, ni wa kale sana, uko kwenye Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 2, pale mungu Krishna anapomwambia shujaa Arjuna kwamba kama mtu anavyovua nguo zilizochakaa akavaa mpya ndivyo na roho inavyouacha mwili uliochoka ikaingia mwingine. Kwao una maana kamili, wao wanaamini roho inazaliwa tena na tena, na Arjuna mwenyewe alikuwa amesimama kwenye uwanja wa vita anaogopa kuwaua ndugu zake na walimu wake, hakuwa anatafuta namna ya kupunguza stresi asubuhi. Ukiuchomoa mfano pale ukauingiza kwenye klipu fupi kinachobaki ni kuudharau mwili tu, basi.

Sasa wewe mkristo, fungua Mwanzo 2:7. Mtu ametoka kwenye mavumbi ya ardhi, akapuliziwa pumzi ya uhai puani, akawa nafsi hai. Yaani mavumbi na pumzi kwa pamoja ndo wewe. Na kanisani si mnasema kabisa kwenye kanuni ya imani kwamba mnaamini ufufuo wa mwili? Watu wanaongoja miili ifufuke hawawezi kuwa wanafundishana kwamba mwili ni takataka. Kwa hiyo kukaa kimya alfajiri hakuna ubaya wowote, watawa wa kikristo wamefanya hivyo jangwani Misri tangu karne ya 3 na ya 4, ila hilo la "wewe sio mwili wako" mwachie mwenyewe.

Alafu hilo la kuwaza kodi. Mawazo yanaweza kwenda mwisho wa mwezi yakarudi, yakaenda mpaka mwaka jana, mwili hauwezi. Mgongo wako unauma leo, haujaanza kuuma wa Jumamosi. Ndo maana mimi naona walimu wa aina hii wameshika kinyume, wanakwambia uache mwili ili ufike kwenye sasa wakati mwili ndo sehemu yako pekee ambayo haijawahi kutoka hapo. Na we unalijua hili kuliko mimi. Ukiwa unashona kola, ukifika kwenye ile ncha unaacha sindano imezama kwenye kitambaa, unanyanyua mguu wa cherehani, unageuza, unashusha, unaendelea, na mtu akikusalimia katikati ya hapo unamwitikia ncha ikishapita. Kodi ilikuwa wapi muda ule? Deni lipo palepale, lakini halikuwa kichwani. Sasa kile ndo ulikuwa unakitafuta alfajiri umekunja miguu sakafuni, na ulikuwa nacho kazini tangu ulipojifunza kushona.

Kutwa uko kwenye stuli umeinama, alafu asubuhi unaulazimisha mgongo huohuo ukae wima tena, kwa nini? Sali umesimama, au sali huku unafagia. Na mgongo ukiendelea nenda zahanati, maumivu ya mgongo sio daraja la kiroho, ni maumivu ya mgongo. Kuhusu ya kesho, Mathayo 6:34 watu wanaisoma nusu, wanaishia kwenye "msisumbukie ya kesho", wanaacha pale mwisho panaposema yatosha kwa siku maovu yake. Yesu hakusema siku haina maovu. La mteja wa harusi ni la leo hilo, lianze.

SWALI: Mjomba, mama yangu alifariki mwaka jana. Rafiki zangu wananiambia niishi sasa, ya nyuma niachane nayo. Lakini mimi nikipika nikisikia tu harufu ya iliki mama huyo hapo, najiona kama sijapona. – Binti, Tanga

JIBU: Pole sana mwanangu. Rafiki zako wanakupenda ila wamekosea. Augustino, yule askofu mtakatifu wa zamani, ambaye ni Mwafrika mwenzetu, alizaliwa mwaka 354 Thagaste, kwa leo ni Algeria, alilichimba jambo hili kwenye kitabu cha 11 cha Maungamo yake. Akasema yaliyopita hayapo tena na yajayo hayajafika, kwa hiyo tunapokumbuka tunakumbuka sasa hivi, kumbukumbu yenyewe ni sehemu ya sasa. Iliki haikurudishi popote. Upo jikoni kwako, leo, na mama yako yumo kwenye leo hiyo kwa namna hiyo.

Tena Augustino huyohuyo mama yake Monica alipofariki Ostia mwaka 387 alijibana machozi mazishini, akaona mtu wa imani kama yeye halii. Akaenda kuoga maana alisikia kuoga kunaondoa huzuni, akatoka bafuni vilevile alivyoingia. Akalala. Alipoamka ndo akaja kulia, peke yake, na akaandika bila aibu kwamba amelia. Na alikuwa na elimu yote ile. Wewe pika tu.

SWALI: Assalaam aleikum mjomba, mimi ni dereva Mombasa. Nikisali akili iko barabarani, mara nyingine sijui kama ni rakaa ya 3 au ya 4. Naona kama nasali na mwili tu, roho haipo. Ibada hiyo si bure?

JIBU: Waaleikum salaam. Kama ingekuwa bure sijda ya kusahau, yaani ile ya kurekebisha ulichosahau kwenye sala, isingewekwa. Ukitia shaka kati ya 3 na 4 unashika lile la uhakika, 3, unakamilisha, na kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndo wengi huko pwani, unasujudu mara mbili kabla ya kutoa salamu. Hebu angalia, akili imetoroka alafu dawa yake umepewa ya paji la uso kugusa chini. Ni mwili unatumwa kwenda kuiita roho.

Na mambo mengine ni ya kimwili kabisa. Kuna hadithi kwamba Mtume (s.a.w.) alisali na nguo yenye nakshi, alipomaliza akaivua akaagiza ipelekwe kwa sahaba wake Abu Jahm na aletewe ile isiyo na nakshi, kwa sababu nakshi zilimshughulisha. Nyingine inakataza kusali chakula kikiwa kimeshaandaliwa au mtu amebanwa na haja. Sasa dereva umeshuka kwenye gari umebanwa, una njaa, simu iko mfukoni inatetemeka, unasali mbiombio abiria wanakungoja, alafu unalaumu roho! Nenda msalani kwanza, simu iache kwenye gari, kula hata andazi. Ikibaki shida baada ya hapo, muone shekhe wako, mimi nimeishia hapo.

SWALI: Mjomba, eti ni kweli roho ina gramu 21? Grup letu limebishana mpaka mtu mmoja kajitoa.

JIBU: Hiyo namba ilitoka kwa daktari mmoja wa Haverhill, Massachusetts, Marekani, anaitwa Duncan MacDougall. Alianza mwaka 1901, akachapisha 1907. Aliweka kitanda juu ya mizani akawalaza wagonjwa mahututi, mmoja mmoja, akasubiri. Walikuwa 6. Wa kwanza ndo alipungua hizo gramu 21, wengine hesabu zikagoma kulingana, na wawili aliwaondoa yeye mwenyewe kwenye matokeo. Yaani dunia nzima inabishana kwa sababu ya mgonjwa mmoja na mizani ya kizamani. Akapima na mbwa 15, akasema hawakupungua kitu, kwa hiyo mbwa hawana roho. Nina mbwa nyumbani, sikubaliani naye hata kidogo. Mwambieni mwenzenu arudi kwenye grup.