Mbolea ni chakula cha mmea?

Swali: Binti yangu wa darasa la sita aliandika "mbolea ni chakula cha mmea", mwalimu akamkosesha. Sisi wakulima tunasema kila siku kwamba mahindi yanakula mbolea. Kosa liko wapi? Na tuandike virutubisho au virutubishi?

Jibu: Mwalimu yuko sahihi, na wakulima nao hawajakosea. Kitenzi "kula" kina mapana makubwa katika Kiswahili: gari linakula mafuta, kazi inakula muda, mahindi yanakula mbolea. Maana ni kwamba kitu kinatumika na kuisha. Msemo huo uacheni ulivyo, ni mzuri.

Somo la sayansi linadai zaidi. Chakula cha mmea ni sukari, nayo mmea hujitengenezea wenyewe kwenye majani kwa usanisinuru, ukitumia mwanga wa jua, maji na kabonidayoksaidi. Mizizi haifyonzi chakula hicho. Inafyonza maji pamoja na naitrojeni, fosforasi, potasiamu na wenzake vilivyoyeyuka humo. Hivyo ndivyo virutubishi. Mbolea ni kinachovibeba, iwe samadi, mboji au ya dukani. Rutuba ni sifa ya udongo wenyewe.

Msidhani ni ubishi wa maneno tu. Mkulima akisema "mahindi hayana mbolea", bado hajasema yamepungukiwa nini. Jani la chini likigeuka njano kuanzia nchani na kufuata mshipa wa kati kwa umbo la V, hiyo ni dalili ya naitrojeni kupungua. Mahindi machanga yakiwa na rangi ya zambarau, mara nyingi ni fosforasi. Kingo za majani ya chini zikikauka kama zilizoungua, shuku potasiamu, na hapo urea haitasaidia, kwa kuwa kirutubishi chake ni naitrojeni peke yake. Mfuko wa kilo 50 wa urea ya asilimia 46 una kilo 23 za naitrojeni. Ni sahihi kusema "nimeweka kilo 50 za mbolea", si "kilo 50 za naitrojeni".

DAP, mbolea yenye naitrojeni na fosforasi, nayo huwachanganya hata waandishi wa habari. Mfuko umeandikwa 18-46-0, namba za naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mfuatano huo, nao wanaandika "fosforasi asilimia 46". Hiyo 46 huhesabiwa kama oksidi ya fosforasi, yaani fosforasi pamoja na oksijeni iliyoungana nayo. Fosforasi yenyewe ni karibu asilimia 20.

Sasa virutubisho na virutubishi. Yote mawili yametoka kwenye "rutubisha", na yote yana wenzao: kiishio -o kimo katika kifuniko na kizibo, -i kimo katika kiyoyozi na kisimbuzi. Kwa hiyo hakuna la kukoseshwa. Mimi hupendelea "virutubishi" kwa vile vinavyofyonzwa, kwa sababu "virutubisho" siku hizi limezoeleka pia kwa vidonge na unga wa kuongezea lishe. Chagua moja, usichanganye katika andiko moja.

"Madini" nalo halina tatizo, ingawa wengine hufikiria dhahabu. Tumeshazoea chumvi yenye madini joto na mboga zenye madini ya chuma.

Binti aandike hivi: "Mmea hufyonza virutubishi vya mbolea kwa mizizi, na hujitengenezea chakula kwenye majani."