Bega bandia la vipande: kwa nini lisiwe chuma kimoja?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 71. Juzi aliteleza bafuni, mfupa wa mkono ukavunjika juu kabisa, penye bega, vipande vinne. Daktari anashauri bega bandia la vipande vya kuunganishwa, na anasema hata wenye yabisi ya bega huwekewa hilo hilo. Vipande vingi si ndiyo kulegea? Kwa nini lisiwe chuma kimoja?

JIBU: Marahaba, na pole kwa mama.

Chuma kimoja ndicho kilichotangulia. Charles Neer wa New York alipoanza kuwawekea bega bandia watu waliovunjika kama mama yako, miaka ya 1950, shina (fimbo inayoingia ndani ya mfupa wa mkono) na kichwa (tufe la juu yake) vilikuwa kitu kimoja. Shida ni kwamba uwazi wa ndani ya mfupa na ukubwa wa kichwa cha mfupa huo haviendi sambamba kwa kila mtu. Ukipata shina linalokaa vizuri, kichwa chake huenda kikawa kikubwa mno, kano zikavutika na mkono ukakataa kuzunguka. Vikitenganishwa, daktari anaweka shina, anajaribisha vichwa mbalimbali huku akiuzungusha mkono, akiridhika ndipo anagonga kile cha kudumu. Ncha iliyochongoka kidogo huingia kwenye tundu la umbo lake na kujikaza yenyewe.

Hofu yako ina msingi. Kichwa kimewahi kuchomoka, na penye kiungio chuma huweza kulika. Ni nadra, hasa ncha ikikaushwa damu vizuri kabla ya kugongwa.

Kwenye yabisi kazi huwa nyepesi kidogo: gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, limekwisha lakini mfupa ni mzima, hivyo daktari anaona urefu wa kufuata. Kano zikiwa nzima, anaweka kichwa cha chuma, na kikombe cha plastiki ngumu upande wa kombe la bega. Kwenye mvunjiko alama zote zimesambaratika. Shina laweza kusimama juu mno au kuzama. Halafu kuna vinundu viwili vya mfupa vinavyoshikilia kano. Hivyo hushonwa kulizunguka shina na lazima viunge. Mimi navitazama hivyo kuliko chuma chenyewe, maana visipounga mama atapata bega lisilouma sana ila mkono haufiki kichwani kufunga kilemba.

Kwa umri wake vinundu mara nyingi haviungi, ndiyo maana wengi siku hizi huchagua bega la kinyume, alilolibuni Paul Grammont wa Ufaransa mwaka 1985: tufe linakaa kwenye kombe la bega, kikombe juu ya mfupa wa mkono, na msuli mnene wa begani hunyanyua mkono badala ya kano. Hapa ndipo vipande hulipa. Mashina mengi ya sasa hupokea kichwa cha kawaida leo, na mambo yakiharibika baadaye hupokea kikombe cha kinyume bila shina kung'olewa. Kung'oa shina lililogandishwa kwa simenti huweza kuupasua mfupa. Hata hivyo, shina lililosimama juu mno litang'olewa tu.

Muulize daktari wenu kama seti nzima, pamoja na sehemu za kinyume, itakuwepo chumba cha upasuaji siku hiyo, na kama neva ya ule msuli wa begani imepimwa. Ikiwa imekufa, bega la kinyume halina wa kulinyanyua. Muulize pia kama upasuaji ni wa lazima. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2015 ulilinganisha wagonjwa waliopasuliwa na waliofungwa mkono shingoni tu. Baada ya miaka miwili hali zao kwa wastani hazikutofautiana. Kichwa cha mfupa kikiwa kimepasuka au kimetoka mahali pake, hilo ni jambo jingine, na picha ya CT itaonyesha.

Mnapoamua, bega lake litulie kwenye kitambaa, ila vidole, kifundo cha mkono na kiwiko avichezeshe kila siku.