Kabla ya Kutafuta Mfadhili, Jazeni Lori

Majuzi kijana mmoja wa Dukana, huku kwetu Marsabit kaskazini mwa Kenya, aliniandikia. Wana kikundi, wana katiba, wana mhuri na akaunti ya benki. "Dada, tuunganishe na mfadhili tupambane na njaa." Ujumbe wa namna hii naupokea mara kwa mara, na najua wengi mnaonisoma mnatamani hilohilo: watu wa kwenu wapate kula hata mvua ikikataa.

Mimi ni wa Maikona. Ukishaiacha lami ya kwenda Moyale, njia yetu ni mawe, halafu jangwa la Chalbi, ambalo likinyeshewa hugeuka tope la kumeza lori. Mahindi hutoka upande wa Meru, maharagwe mengi huvuka kutoka Ethiopia kupitia Moyale. Mwenye lori haji huku kwa magunia machache. Akija, nauli utailipa ndani ya bei ya unga.

Watu wa mijini hudhani mfugaji anakufa njaa kwa kukosa nyama. Mfugaji hukamua, huuza mbuzi, hununua unga. Kiangazi kikizidi, maziwa ndiyo hutangulia kukatika. Hapo kila manyatta hupeleka mbuzi sokoni kwa pamoja, mbuzi wamekonda, bei inaanguka. Na kwa kuwa sote sasa tunaishi kwa unga, unga unapanda. Mbuzi aliyekuletea gunia zima mwaka jana hakuletei hata nusu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipotea mfululizo, Kenya ikapoteza zaidi ya mifugo milioni mbili. Baba yangu alikuwa na kundi la mbuzi lililosifiwa hadi kijiji cha Kalacha. Walibaki wa kuhesabu kwa vidole.

Katika ukame huo ndipo tulipoanza. Mama yangu na wenzake walikuwa na chama cha kuchangiana harusi na matanga. Nikawaambia tuzungumze na akina mama wa Kalacha, tuunganishe oda zetu, lori lije limejaa. Wazee walinicheka, eti msichana aliyerudi kutoka Nairobi anataka kushindana na wenye maduka. Lori lilipofika limejaa, gunia lilishuka kwa bei ambayo hakuna duka la Maikona lilikuwa nayo wiki ile. Najivunia hilo mpaka leo, na sioni haya kusema.

Asiye na pesa hatukumwacha, na hapo hatukubuni chochote. Wagabra tuna dabare: mwenye ngamia wengi humkabidhi asiye naye ngamia jike, huyo akamue alishe watoto, na ngamia hubaki wa mwenyewe. Tulifanya vivyo hivyo kwa gunia. Jamaa mwenye uwezo alimdhamini aliyeishiwa, deni likasubiri mvua na maziwa. Wengi walilipa. Waliokuwa hawana hata mbuzi wa kuanzia walisamehewa mbele ya wote.

Kisha likaja shirika moja, sitalitaja. Walitaka orodha ya "kikundi kipya" chenye wanachama wa umri fulani. Mama yangu akaambiwa amezidi umri. Akina mama wenzetu wakagawanywa, nusu wakaingia huko, chakula cha bure kikashushwa wiki ileile tuliyokuwa tunasubiri lori letu, na waliokwisha kulipa wakatugeukia wakidai pesa zao. Mradi ulipoisha waliondoka. Kurudisha uaminifu kati ya Maikona na Kalacha kulituchukua muda mrefu kuliko mradi wenyewe, na bado kuna nyumba mbili ambazo hazisalimiani. Linaniuma.

Sikatai msaada, kuna watu wako hai kwa sababu yake. Lakini ndugu zangu, mfadhili akute mnakopeshana, asiwe yeye sababu ya kukutana. Anzeni na watu ambao tayari wanazikana na kuozeshana. Uzeni mbuzi mapema, angali na mafuta mgongoni; najua mzee hataki kusikia, mwambieni tena. Nyama ikiwepo, kaangeni nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kukaangwa ili isiharibike, muweke. Bima ya mifugo, ile inayopima ukijani wa malisho kwa satelaiti na iliyoanzia hapahapa Marsabit mwaka 2010, iulizeni kabla ya kiangazi, kwa sababu haiuzwi wakati ng'ombe amekwisha kulala chini. Na vijiji vya jirani msivione kama washindani: Dukana peke yake haijazi lori, Balesa peke yake haijazi.

Ninyi vijana wenye simu na elimu, kazi yenu ni daftari. Andikeni nani amelipa na nani amedhaminiwa, mlisome kwa sauti chini ya mti, kila mtu akisikia. Dereva mpeni nusu ya nauli akipakia na nusu akishusha, na mmoja wenu apande lori lile kutoka Meru hadi nyumbani.