Andika sifuri: miaka sita ya kupima mvua na kuhesabu ndege Rungwe

Mwaka wangu wa pili wa kupima mvua, nilidanganya.

Nilikuwa nimekwenda msibani Kyela, nikalala huko siku tatu. Niliporudi nikakuta kipima mvua kina milimita 41. Fomu ilikuwa na visanduku vitatu vitupu na mimi sipendi fomu yenye mapengo, basi nikazigawa zile 41 kwa jinsi nilivyoona inafaa: 12, 20, 9. Nikatuma picha ya fomu nikalala usingizi mzuri. Wiki mbili baadaye mratibu anayekusanya fomu zetu akanipigia. "Dada, ile siku ya katikati umeandika 20, lakini jirani zako wawili wameandika sifuri. Kwako kulikoni?" Nikaanza kumumunya maneno. Alipoelewa hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba nikikosa siku, niandike jumla yote kwenye siku niliyosoma, pembeni niweke maneno "ya siku tatu", na visanduku vya nyuma niviache na mstari. Jumla yangu ilikuwa sahihi. Nilichokitunga ni zile siku, na yeye zile siku ndizo alizokuwa akizihitaji.

Mimi ni mkulima wa parachichi na ndizi, upande wa Tukuyu. Kemia niliiacha kidato cha nne na haikunililia. Lakini kazi hii wanayoiita sayansi ya wananchi, yaani watu wa kawaida kukusanya taarifa za mvua, mito, ndege au mimea ili wataalamu wazitumie, nimeifanya sasa kwa miaka sita bila mshahara, na kila mara naulizwa na akina mama wenzangu wa kikundi inaanzaje. Ninayoandika hapa ni yale niliyotamani mtu angeniambia mapema.

La kwanza ni hiyo sifuri. Watu wengi wanaojitolea huchoka mwezi wa Julai, kwa sababu wanaona hakuna cha kuandika. Mvua hakuna, ni baridi na ukungu tu, nani ataamka kwenda kutazama kopo tupu? Kumbe sifuri ni taarifa kamili. Inasema: nilikwenda, nikatazama, hapakuwa na kitu. Mstari unasema sikwenda. Na kisanduku kitupu hakisemi lolote, kinamwacha anayesoma abahatishe. Ukishika tofauti ya hivyo vitatu umewapita wengi waliohudhuria semina.

Kipima mvua chenyewe hakina ufundi mkubwa. Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba, hivyo hata chupa yenye pande zilizonyooka, ukiikata shingo na kuigeuza iwe kama mrija wa kumiminia mafuta, itakufundisha. Shingo hiyo inazuia maji yasikaushwe na jua. Kazi ni mahali pa kukiweka. Kiwe uwanjani, mbali na nyumba na miti angalau mara mbili ya urefu wa kitu kilicho karibu: kama paa lina mita nne, sogea mita nane. Mimi nilikiweka vizuri sana, nikasahau kwamba naishi Rungwe. Mgomba uliokuwa ukinifika kifuani, baada ya mwaka jani lake lilikuwa limekifunika kama mwavuli. Miezi miwili nzima nilikuwa napima mvua ya mgomba.

Soma saa 3:00 asubuhi, kila siku saa hiyo hiyo, maana ndiyo saa ya vituo vya hali ya hewa, na takwimu zako zitalinganishwa na zao. Inama jicho liwe sawa na maji, usome pale maji yalipobonyea katikati, si pale yanapopanda kwenye kuta. Na ukikuta jambo la ajabu, liandike kama lilivyo kisha ueleze. Agosti moja, jua limewaka wiki nzima, nilikuta milimita 96. Mtoto wa jirani alikuwa amecheza "duka la maziwa". Niliandika 96 na maelezo yake, mratibu akacheka, ikafutwa kwa sababu inayojulikana.

Utajiuliza kipimo cha mtu mmoja kinasaidia nini. Nyanda za juu zetu zina tabia ya kigeugeu. Huku kwetu, kusini mwa mlima Rungwe, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Vuka milima ya Uporoto ushuke Usangu, mvua haifiki hata nusu ya hiyo, na ni mwendo wa saa chache tu kwa basi. Kituo kimoja hakiwezi kuzisemea sehemu zote mbili. Tena maji ya Usangu hayatoki Usangu. Yanashuka kutoka Uporoto na Kipengere kwa mito kama Mbarali, Kimani na Chimala, yanaingia Ruaha Mkuu, yanakwenda kulisha mabwawa ya Mtera na Kidatu. Ruaha Mkuu, mto ambao wazee waliuzoea ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha mnamo 1993. Nina shemeji Mbarali aliye kwenye jumuiya ya watumia maji, anasoma ule ubao wenye namba uliosimikwa mtoni. Tukikutana Krismasi tunabishana namba badala ya siasa. Yeye anadai sisi wa juu tunamaliza maji. Mimi namwonyesha daftari.

Ndege nilianza baadaye, na hapo ndipo nilipofanya kosa la kila anayeanza: kutafuta maajabu. Huku kuna mbayuwayu buluu, ndege adimu anayekuja kuzaliana wakati wa mvua kwenye nyasi za uwanda wa Kitulo, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na kujenga kiota ndani ya mashimo ardhini, hata yale yaliyochimbwa na muhanga. Mvua zikiisha anarudi upande wa Uganda na Ziwa Victoria. Wiki yangu ya tatu nikamwona, nyuma ya choo changu! Nikaingiza kwenye eBird, programu ya simu ya kuandikia ndege ulioona, kwa kiherehere. Mhakiki, naye ni mtu wa kujitolea, akaniuliza kwa upole: ulimwona kwa muda gani, mwanga ulitoka wapi, uliona rangi ya buluu au weusi tu? Ukweli ni kwamba niliona ndege mweusi mwenye mkia wa panda akipita dhidi ya mawingu. Kuna mbayuwayu mweusi wa kawaida kabisa wa pembezoni mwa misitu anayefanana naye hivyo. Nilifuta. Siku hizi nisiyemjua namwandika "mbayuwayu, aina haijulikani", na sioni aibu.

Ninachokishauri ni cha kuchosha. Chagua mahali pamoja karibu na nyumbani, mimi nina kona ya kijito chini ya shamba. Nenda siku ile ile ya wiki, saa ile ile, kwa dakika zile zile. Mimi ni Jumamosi saa 12:30 asubuhi, nusu saa. Andika kila ndege unayemtambua, hata shorewanda na kunguru uliowachoka. Programu itakuuliza kama orodha ni kamili ya wote uliowatambua. Swali hilo ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu ukijibu ndiyo, wale wasiokuwepo kwenye orodha nao wanahesabika kuwa hukuwaona. Ndiyo ile sifuri yangu, imekuja kwa mlango mwingine. Miaka yangu ya kwanza kulikuwa na korongo taji wawili, wakati mwingine wanne, kwenye bonde lililo ng'ambo. Ndege huyu yumo kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini tangu 2012, na mabonde yenye maji anayoyapenda ndiyo sisi tunayoyageuza bustani za kiangazi, wenzetu wa Njombe na Iringa huziita vinyungu. Sasa ni mwaka wa pili naandika orodha kamili, korongo hayupo. Mtu aliyepita pale mara moja akamkosa hawezi kusema kitu. Mimi naweza.

Usiende porini na darubini kabla hujaongea na watu. Mara yangu ya kwanza vijana watatu walinisimamisha: "Mama, mmekuja tena kupima ardhi?" Walikuwa na haki ya kuuliza. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mweleze, mwonyeshe daftari, na ukikutana na watu wape darubini watazame. Kijana mmoja kati ya wale watatu sasa anamtambua fundichuma kwa kivuli chake. Kwenye hifadhi za taifa na misitu ya serikali, fuata utaratibu wa vibali. Kujitolea hakufungui geti.

Na wasikilize wazee. Bibi jirani yangu, siku ya kwanza kuniona nikisoma kopo, alisema, "Mwanangu, sasa Mungu unamhesabia?" Leo ndiye anayeniambia ndege gani waliokuwa wakiimba wakati wa kupalilia na siku hizi hawasikiki. Maneno yake nayaandika ukurasa wa nyuma kama simulizi, siyachanganyi na hesabu, lakini nayaandika. Kipunji, kima wa mlima Rungwe, tunajua alivyojulikana: watafiti walisikia kwanza kutoka kwa wawindaji wa Kinyakyusa, wengine wakidhani ni hadithi za mizimu, wakamwona mwaka 2003, na 2005 dunia ikatangaziwa aina mpya ya kima. Mpya kwa nani, mimi hujiuliza.

Simu ya kawaida yenye kamera inatosha. iNaturalist, programu ya kutambua mimea na viumbe kwa picha, hufanya kazi bila mtandao, unapiga picha shambani, unapandisha ukipata bando. Piga jani, ua, shina, chini ya jani, si ua peke yake. Programu itakupa jina haraka haraka, na mara nyingi ni mmea wa Ulaya au Marekani unaofanana. Ukiwa na shaka ishia kwenye jamii ya mmea, jina kamili waachie wengine. Ila kuna kitu cha kuficha. Okidi za Kitulo na Makete zimechimbwa miaka na miaka kwa ajili ya viazi vyake, vinavyovushwa kwenda Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda. Picha yenye ramani sahihi ni mwongozo kwa mchimbaji. Programu hufifisha yenyewe mahali pa viumbe inaowajua kuwa hatarini, lakini haijui kila kitu. Unaweza kufifisha mwenyewe. Viota pia. Na usiweke picha hiyo kwenye kundi la WhatsApp huku ukitaja jina la kilima, kama alivyofanya mtu mmoja ninayemwona kila asubuhi kwenye kioo.

Sasa posho, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Hakuna. Kuna mradi uliwahi kuja kwenye kata yetu kwa kishindo: fulana, soda, bahasha ya semina, fomu za kurasa nne. Tulijaza karibu miaka miwili, wakazichukua, namba ya simu ikawa haipatikani, na hadi leo hakuna aliyetuambia hata sentensi moja ya walichokiona. Wenzangu tisa waliacha siku hiyo na hawajarudi, siwalaumu. Tangu hapo, kabla ya kukubali mradi wowote nauliza: takwimu zinakwenda wapi, nitaziona mimi mwenyewe, na lini mtarudi kutusomea matokeo? Anayesitasita kwenye swali la tatu namwambia ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, karibu tena. Na kila ninachotuma kina nakala kwenye daftari langu, kwa sababu daftari ndilo lililonilipa. Limenionyesha kwamba mvua ya kwanza ya Novemba, ile ninayoikimbilia kupanda, shambani kwangu miaka minne kati ya sita ilifuatwa na siku kumi au zaidi za ukavu. Sasa nasubiri mvua ya pili. Mbegu za maharage nilizookoa zinazidi bahasha ya semina.

Ukitaka kuanza, anza na kitu kimoja tu, na mtafute wa kukushikia zamu mapema. Mwanangu wa darasa la sita ndiye anayesoma nikiwa safarini. Na nunua penseli. Wino na mvua ya Rungwe havipatani. Nina kurasa mbili za Aprili ambazo hata mimi niliyeziandika siwezi kuzisoma, na mwanangu amepiga mstari kwenye visanduku vyote, pembeni akaandika: "Mama alitumia kalamu."