Kwa nini walikubali kupondwa

Mwanangu Zuhura,

Juzi kwenye simu uliniuliza: Uingereza ya karne ya 16, mtu alifaidika nini kunyamaza mbele ya jaji ilhali anajua atapangiwa mawe kifuani mpaka afe? Nimeona nikuandikie, maana jibu lake linatugusa sisi wazazi.

Kesi ya kosa kubwa haikuweza kusikilizwa mpaka mshtakiwa akiri au akane, na akikana, akubali kuamuliwa na raia wenzake 12. Asipotamka, hakuna kesi. Bila kesi, hakuna hatia. Na aliyetiwa hatiani hakunyongwa tu, hata ardhi yake iliwatoka warithi. Ndiyo maana wapo waliochagua kunyamaza, watoto wabaki na shamba. Mahakama ikitaka kuwafumbua midomo, iliwalaza chali gerezani na kuwarundikia mawe na vyuma; leo kipande cha mkate, kesho maji yaliyotuama.

Margaret Clitherow, mke wa muuza nyama mjini York, hakuwa na habari ya shamba. Mwaka 1586 alishtakiwa kwa kuwaficha mapadri wa Kikatoliki nyumbani kwake. Alijua kesi ikisikilizwa, watoto wake wangesimamishwa kutoa ushahidi dhidi yake, na wale raia wangebeba damu yake. Akakataa kujibu. Tarehe 25 Machi walimlaza, jiwe la ukubwa wa ngumi chini ya mgongo, mlango juu yake, na juu ya mlango uzito wa zaidi ya kilo 300. Alikata roho kwa muda wa kama robo saa. Waliopanga mawe ni ombaomba waliokodiwa; maofisa hawakutaka kuifanya kazi hiyo wenyewe.

Wapo wanaomwita mkaidi. Mimi siwezi, nami nimezaa. Kinachoniuma ni kwamba sheria ile ilidai kuheshimu ridhaa ya mshtakiwa, kisha ikaitafuta ridhaa hiyo kwa kumvunja mbavu.

Adhabu hiyo iliondolewa mwaka 1772, ila kimya kikahesabiwa kuwa hatia. Ilipofika 1827 ndipo ikaamriwa kwamba anayenyamaza kwa makusudi aandikiwe amekana shtaka. Kanuni hiyo ndiyo unayoisoma hapa kwetu Tanzania: mshtakiwa akikataa kujibu, mahakama inaandika amekana, na upande wa mashtaka unabaki na kazi ya kuthibitisha.

Wadogo zako wanakusalimu.

Mama yako