Usekula au dini, kipi kinaipeleka jamii mbele kimaadili?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Kazini kuna jamaa nabishana nae kila siku, anasema dini ndo imewachelewesha binadamu, eti utumwa ulikomeshwa na watu wa akili na sheria, sio wa misikiti wala makanisa, na nchi ambazo watu wameacha kusali ndo zina rushwa ndogo. Nakosa la kumjibu. Ni kweli usekula, yaani kuendesha dola na maisha bila kuegemea dini, unajenga maadili kuliko dini?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah ndugu yangu. Usimjibu kwa hasira, manake kuna sehemu anasema kweli na kweli hatuikatai hata ikitoka kwa nani.

Ila kwenye utumwa kateleza. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa 1807, na alieisukuma bungeni miaka na miaka ni mbunge Wilberforce, mkristo wa kuamini haswa, na kabla yake Maquaker, kikundi cha wakristo, walishaanza kupinga kwa sababu ya imani yao. Tunisia, mtawala wake Ahmad Bey akaufuta utumwa 1846, akaenda kwa mamufti (wanazuoni watoa fatwa) wa madhehebu ya Hanafi na Maliki na hoja ya kifiqhi kabisa, yaani ya sheria ya dini, kwamba mabwana hawatimizi haki ambazo sheria imempa mtumwa, kwahiyo mlango ufungwe. Marekani ilisubiri mpaka 1865! Na Ufaransa, mapinduzi yao yaliyojivunia akili yaliufuta 1794, halafu Napoleon akaurudisha 1802, na hakuurudisha kwa aya yoyote, ni mashamba ya makoloni na faida yake.

Sasa na sisi tusijifiche. Wabaptisti wa kusini mwa Marekani walijitenga 1845 wakiwatetea wenye watumwa, na biblia mkononi. Kwa waislamu, Saudi Arabia imefuta 1962, Mauritania 1981, na muda wote huo watu wanasoma suratul Balad, "fakku raqaba", kumwacha huru mtumwa, wanaisoma kwa tajwidi nzuri tu lakini hawataki iwaguse mfukoni. Hili linaniuma sana na sioni sababu ya kulipamba.

Kwahiyo mimi nnachokiona, jamii inasogea pale watu wanapokubali kushuhudia dhidi ya upande wao wenyewe, na hapo ndo dini ina kitu kizito, manake Mwenyezi Mungu ametuamrisha waziwazi, suratun Nisaa aya ya 135, tusimamie uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili yake hata kama ni dhidi ya nafsi zetu au wazazi au jamaa. Sheria ya dola inaweza kukukamata ukiiba, lakini kukufanya useme kweli itakayomuumiza ndugu yako wakati hakuna anaekuona, hiyo inatoka ndani. Asieamini anaweza kuwa mwadilifu, wapo na tunaishi nao, ila sisi tumeamrishwa na tutaulizwa, kwahiyo hatuna kisingizio kabisa.

Kuhusu rushwa mkubalie tu, mahakama huru na hesabu za wazi zinafanya kazi, na sio kitu kigeni kwetu, Sayyidna Umar r.a., khalifa wa pili, alikua anawakagua magavana wake mali zao. Nchi ya waumini ikiacha kukagua itaoza kama nyingine yoyote.

Halafu muulize jamaa usekula gani anausema. Kuna dola isiyomlazimisha mtu dini, hiyo mi sina ugomvi nayo, "hakuna kulazimishana katika dini" ipo Baqara 256, na ukimlazimisha mtu unachopata ni mnafiki tu. Na kuna dola inayoipiga vita dini yenyewe, kama Albania ilivofunga misikiti na makanisa 1967 ikajitangaza nchi isiyo na Mungu, wala haikupata haki, ilipata jela na hofu.

La mwisho, kabla ya utume Mtume s.a.w. alihudhuria kiapo cha Hilful Fudhul nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, washirikina wa Makka wakaapa kumsimamia kila aliedhulumiwa, na baadae katika Uislamu akasema hata sasa akiitiwa kiapo kama kile ataitika. Kwahiyo huyo jamaa yako akisimama kumtetea mfanyakazi alieonewa hapo kazini, simama nae siku hiyohiyo, ubishi mtaumalizia baadae.

Wallahu aalam.